Jasho Lianze kwa Viongozi

Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tumezoea kusema kwamba michezo ni sehemu ya utamaduni wetu. Tumelisema jambo hili katika hotuba, katika vitabu na katika mikutano mpaka limekuwa kama salamu, ambayo mtu huitamka bila kuifikiri. Katika makala haya tunakusudia kulifikiri. Kama kandanda ni sehemu ya utamaduni wa Taifa, basi namna klabu ya kandanda inavyoongozwa ni sehemu ya utamaduni huo pia. Na kama klabu zetu nyingi zinaongozwa kwa uvivu, kwa hila na kwa ushirikina, basi mambo hayo matatu yameingia katika utamaduni wetu, na hotuba hazitayatoa.

Tuanzie Kerege, katika wilaya ya Bagamoyo. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya kaskazini huipita Bunju, kisha Mapinga, kisha hufika Kerege kabla ya Zinga na mji mkongwe wa Bagamoyo. Jioni, jua linapopungua ukali, vijana wa vijiji hivi hukusanyika viwanjani. Wengine wametoka shambani, wengine wameegesha pikipiki za abiria, wengine hawana kazi yoyote na mpira ndio shughuli pekee ya siku yao. Miongoni mwao wamo wenye vipaji ambavyo mtu wa mjini angelipa kiingilio kuvitazama. Lakini vipaji hivyo huota na kunyauka hapo hapo, kama mhogo uliosahauliwa ardhini.

Klabu ya mchangani tunayoizungumzia hatuipi jina, kwa sababu majina yake ni mengi, na inapatikana Kerege kama inavyopatikana Kilwa, Tanga, Kigoma na Songea. Ina mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu, mweka hazina, msemaji na wajumbe. Ina muhuri na katiba. Ina viongozi tisa na mipira miwili, na mmoja wa mipira hiyo unavuja. Mazoezi yake huanza juma moja kabla ya mashindano na hukoma siku timu inapotolewa. Ikifungwa mara ya kwanza, huitwa kikao na mwalimu wa timu hufukuzwa. Ikifungwa mara ya pili, mlinda mlango hutuhumiwa kuuza mechi. Ikifungwa mara ya tatu, wanachama hugawanyika makundi mawili, kila kundi na mwenyekiti wake, na muhuri hufichwa nyumbani kwa mtu.

Ukiwauliza viongozi wa klabu kama hiyo sababu ya kudorora kwao, watakupa sababu tatu. Watasema hawana fedha. Watasema wamerogwa. Watasema vijana wa siku hizi hawajitumi. Tunataka kuzichunguza sababu hizi moja baada ya nyingine, kwa kuwa zimewalinda viongozi wabovu kwa miaka mingi.

Kwanza, fedha. Hapa Kerege yenyewe ina somo la kutufundisha. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Kerege ilikuwa moja ya makazi mapya ya kilimo, ambako wakulima walikusanywa kulima mikorosho wakisaidiwa na wataalamu wa kigeni. Mipango ya namna hiyo ilianzishwa pia mahali pengine nchini, ikapewa fedha nyingi, mitambo na mikopo. Mwaka 1966 Serikali iliamua kutoendelea kuanzisha makazi ya aina hiyo, kwa maana gharama zilikuwa kubwa mno kuliko mavuno, na mkulima aliyeletewa kila kitu alizoea kungoja aletewe kingine. Mwaka uliofuata lilitangazwa Azimio la Arusha, nalo likaitaja fedha kuwa ni matunda ya maendeleo wala si msingi wake. Likataja mambo manne yanayohitajika, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na masharti mawili, yaani juhudi na maarifa. Mwaka huo huo wa 1967 ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa.

Tuyachukue mambo hayo manne tuyaweke mbele ya klabu yetu. Watu inao, nao ni vijana wanaokuja uwanjani bila kuitwa. Ardhi inayo, nayo ni kiwanja. Siasa safi ni katiba inayofuatwa, na katiba imo kabatini. Lililokosekana ni la nne. Kiongozi anaposema hana fedha, mara nyingi anaficha kwamba hana mpango. Tuseme klabu ina wanachama 60, na kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 720,000, za kutosha kununua mipira na dawa za kuchua, na kuwapikia wachezaji uji baada ya mazoezi. Lakini mwanachama hatoi, kwa sababu alipotoa mwaka juzi hakusomewa hesabu. Ukata wa klabu hiyo umezaliwa na ukosefu wa uaminifu, na hakuna mfadhili atakayeuponya, maana fedha za mfadhili nazo zitapita njia ile ile.

Wenye shaka na wakumbuke mwaka 1979. Timu yetu ya Taifa, chini ya walimu Slawomir Wolk kutoka Poland na Joel Bendera wa hapa nchini, iliifunga Zambia bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, kisha ikaenda Ndola ikatoka sare ya 1 kwa 1 kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda Lagos kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Wachezaji wale, chini ya nahodha wao Leodegar Tenga, walikuwa wachezaji wa ridhaa. Huko Lagos walifungwa na Nigeria 3 kwa 1 na Misri 2 kwa 1, wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Haikuwa aibu. Aibu ni kwamba baada ya hapo tulingoja miaka 39, hadi mwaka 2019, ndipo tukafika tena. Ndani ya miaka hiyo 39 ndimo walimoingia wafadhili, mishahara, wachezaji wa kulipwa kutoka nje na matangazo ya televisheni. Kama fedha ingekuwa ndiyo msingi, miaka hiyo ingekuwa ya neema.

Hatusemi kwamba fedha haina kazi. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ilipofika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, hazikufika kwa miguu mitupu. Lakini fedha ni mbolea. Mbolea huisaidia mbegu iliyokwisha kupandwa, wala haioti yenyewe.

Pili, uchawi. Katika jambo hili Bagamoyo ina sifa, na sifa hiyo tusiionee haya kuitaja. Husemwa nchini kote kwamba waganga wakubwa wako huku, na klabu za mbali hutajwa kuja huku usiku kabla ya mechi zao. Lugha ya kandanda imelipa jambo hili jina la heshima, “kamati ya ufundi”. Tazameni jinsi neno lilivyonajisiwa! Fundi ni mtu mwenye ujuzi wa mikono, kama mwashi, seremala au mhunzi. Leo katika klabu fundi ni yule anayejua mahali pa kufukia kitu golini, na anayewaamuru wachezaji waruke ukuta badala ya kupita mlangoni.

Wacha tufanye hesabu ambayo kamati ya ufundi haifanyi. Timu moja inafanya mazoezi siku 2 kwa juma, kila siku saa moja na nusu. Hizo ni saa 3. Timu nyingine inafanya siku 5, kila siku saa 2. Hizo ni saa 10. Baada ya majuma 12 timu ya kwanza imejifunza kwa saa 36, na ya pili kwa saa 120. Siku zinapokutana, mmoja wa mabeki wa timu ya kwanza ataishiwa pumzi katika dakika ya 70, atachelewa hatua mbili, na mpira utakuwa wavuni. Watu watasema karogwa. Kilichomroga ni zile saa 84, na saa 84 hakuna mganga awezaye kuzifukia golini. Fedha iliyopelekwa kwa mganga ingetosha kumnunulia beki huyo viatu. Na dhara kubwa kuliko fedha ni kwamba mchezaji anayeamini kuwa ushindi umetengenezwa usiku hana sababu ya kutoka jasho mchana.

Tatu, vijana. Wanasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Sisi tunauliza, nidhamu hiyo wangeiona wapi? Kijana anafika uwanjani saa kumi jioni kama alivyoagizwa, mwalimu anafika saa kumi na moja, na kiongozi hafiki kabisa mpaka siku ya mechi, anapokuja amevaa fulana mpya ya klabu ambayo wachezaji wenyewe hawana. Kijana anakosa mazoezi juma zima kisha anapangwa, kwa kuwa ni mpwa wa makamu mwenyekiti. Yule aliyefika kila siku anakaa nje. Viongozi hao wamekwisha kumfundisha kijana kila anachohitaji kujua juu ya nidhamu.

Zamani za karibu zinatuonyesha kwamba ugonjwa wa uongozi hauchelewi kushuka miguuni mwa wachezaji. Mwaka 1974 Yanga iliifunga Simba 2 kwa 1 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, ikatwaa ubingwa wa Taifa. Ilikuwa timu iliyokamilika. Kisha ukaingia mgogoro uliowagawa viongozi, wanachama na wachezaji, na mwaka 1976 kundi lililotengana na klabu likaunda Pan African. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga 3. Simba ilishika ubingwa tangu 1976 hadi 1980, na Yanga haikuupata tena mpaka mwaka 1981. Pan African nayo ilipata ubingwa mwaka 1982, lakini leo haimo katika Ligi Kuu. Katika miaka miwili mitatu tu ya ugomvi wa ofisini, kazi ya uwanjani ya miaka mingi ilitawanyika. Wahenga wa pwani walikwisha sema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Na hapa tulitazame vizuri neno nahodha. Lugha yetu imempa kiongozi wa wachezaji jina lile lile la kiongozi wa jahazi. Nahodha wa jahazi la Bagamoyo hatoi amri akiwa pwani. Yumo chomboni. Upepo ukichafuka humpiga yeye kama unavyompiga baharia wa mwisho, na chombo kikivuja, naye hushika kata akatoa maji. Baharia humtii kwa kuwa anajua kwamba chombo kikizama watazama wote. Kiongozi wa klabu zetu yuko pwani. Chombo kikizama yeye hupanda kingine, na msimu unaofuata utamsikia akigombea uongozi mahali pengine.

Wapo wanaosema kwamba mazoezi makali na nidhamu ya saa ni mambo ya kizungu, na kwamba Mwafrika hucheza kwa kipaji na furaha. Hoja hii ni kasumba. Katika jando la Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, vijana walitengwa na nyumba zao, wakafundishwa nyimbo, subira, adabu na kuvumilia maumivu. Waliowafundisha walikuwa wameyapitia wenyewe, wala hapakuwa na mtu aliyekubaliwa kumfunda mwingine jambo ambalo yeye alilikwepa. Katika ngoma nako, mpigaji huanza utotoni, akipiga kiguduguda pembeni mwa wakubwa kwa miaka kabla hajaachiwa ngoma kuu. Mwendo mfupi kaskazini mwa Kerege kipo Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Anayefundishwa sarakasi pale hurudia mruko mmoja mpaka mwili wake uukariri, kwani akiukosea mbele ya watazamaji atavunjika shingo. Hakuna anayemwambia kwamba amesaliti furaha ya Kiafrika. Filbert Bayi, askari wa Jeshi la Wananchi, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 1974, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho bila kujificha nyuma ya mtu. Mbio za namna ile hazikimbiwi kwa kipaji peke yake.

Tutaulizwa pia juu ya timu za majeshi. Hizo zina kambi, zina amri na zina mazoezi ya alfajiri. Mbona nazo huanguka? Ni kweli. Ruvu Shooting, timu ya mkoa wetu wa Pwani, ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23. JKT Ruvu ilishuka mwaka 2017, ikarejea kwa jina la JKT Tanzania, ikashuka tena mwaka 2021, ikarejea tena mwaka 2023. Jambo hili halibomoi hoja yetu. Azimio halikusema juhudi peke yake, lilisema juhudi na maarifa. Kumkimbiza mchezaji mpaka atapike si mazoezi. Mazoezi ni kujua kwa nini anakimbia, kwa kasi gani, na lini apumzike. Ni kumfundisha beki kutazama mtu na mpira kwa pamoja, na mshambuliaji kutumia mguu asiouzoea. Aidha, mfano wa JKT unatufundisha jambo la pili, kwamba kushuka siyo kufa. Iliyoshuka mara mbili imepanda mara mbili, kwa kuwa siku ya kushuka taasisi haikuvunjika. Klabu yetu ya mchangani haihitaji kushuka daraja ili ivunjike. Hutosha kufungwa mechi tatu.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo matano, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

La kwanza, kiongozi ahudhurie mazoezi, si chini ya siku tatu kwa juma. Hatumtaki afundishe. Tunataka aone nani amekuja peku, nani anakohoa, nani hajala tangu asubuhi. Asiyeweza kufika uwanjani hana sababu ya kugombea.

La pili, hesabu za klabu zisomwe kila mwezi, pale pale kiwanjani, mbele ya wanachama na wachezaji: ada, michango, zawadi za mashindano na matumizi yote. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwadharau watu. Kuficha hesabu ni dharau iliyo wazi kuliko zote.

La tatu, mwalimu wa timu apewe msimu mzima, na asiingiliwe katika kupanga wachezaji. Naye kwa upande wake aandike mpango wa mazoezi, auwasilishe, ili siku ya kuhojiwa ahojiwe kwa mpango wake na si kwa matokeo ya mechi moja.

La nne, asiyefanya mazoezi bila udhuru asicheze, awe hodari kiasi gani, awe mtoto wa nani. Heri kufungwa ukiwa na waliotoka jasho kuliko kushinda mara moja na wasiotaka.

La tano, kiwanja kilindwe. Hili tumeliweka mwisho kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Barabara ya lami na kukua kwa jiji la Dar es Salaam vimeipandisha bei ardhi ya ukanda huu. Kuanzia Bunju hadi Zinga, mashamba ya mikorosho yanageuka makazi na kuta. Katika Kiswahili neno kiwanja lina maana mbili, mahali pa kuchezea na mahali pa kujengea nyumba. Klabu inapokuwa hai, ikiwa na vijana mia wanaokanyaga nyasi zile kila jioni, hakuna anayethubutu kuzichanganya maana hizo. Klabu inapolala msimu mmoja, mpima ardhi hufika. Kwa hiyo klabu iende kwenye serikali ya kijiji au ya mtaa wake, ihakikishe kwamba uwanja umeandikwa kuwa wa michezo katika mpango wa matumizi ya ardhi, na kwamba wasichana nao wana saa zao za kuutumia. Kiongozi anayegombania muhuri wakati uwanja unapimwa, atabaki na muhuri.

Wanachama nao wasijitoe katika lawama hii. Viongozi tunaowalaumu walichaguliwa, na wengi walichaguliwa na watu waliopewa nauli na chai siku ya uchaguzi. Uchaguzi ujao wa klabu yenu utakapofika, msiwaulize wagombea watawaletea mfadhili gani. Waulizeni walikuwa wapi saa kumi jioni mwaka uliopita, siku timu ilipokuwa ikijifua. Waulizeni mbele ya wachezaji, maana wachezaji wanajua jibu.